Ngumi za Shilingi 160,000: Juu ya Ununuzi wa Gemu la Mapigano Huko Lugarawa

Mchezo wa video wa mapigano wa vipimo viwili ni ule ambao wapiganaji wawili husimama wakitazamana, mmoja kushoto mwa kioo na mwingine kulia, kila mmoja akiruhusiwa kusonga mbele, kurudi nyuma, kuruka na kuchuchumaa, ila asiruhusiwe kumzunguka mwenzake, kama watu wawili waliokutana katikati ya daraja la gogo na kila mmoja akaona kwamba anayepaswa kurudi ni yule mwingine. Vipimo viwili vinavyotajwa ni upana na kimo. Kina hakimo, na hata pale wachoraji wa siku hizi wanapowapa wapiganaji miili minene yenye vivuli, njia ya kupigania hubaki ile ile moja iliyonyooka. Mtindo huo ulishika mizizi duniani mwaka 1991, kampuni ya Kijapani ya Capcom ilipotoa Street Fighter II, ukafuatwa mwaka 1992 na Mortal Kombat kutoka Marekani. Tekken, iliyoanza mwaka 1994, ni ukoo mwingine, kwa kuwa katika matoleo yake ya baadaye mpiganaji anaweza kuchepuka pembeni ngumi ikapita. Katika vibanda vya gemu vya mji wa Makambako, yaani vyumba vya biashara vyenye runinga, mashine na mabenchi ambamo kijana hulipia mchezo kwa sarafu, tofauti hiyo ya kitaaluma haijulikani wala haiulizwi: kuna mpira, na kuna ngumi, basi.

Wachambuzi wa michezo hiyo katika nchi zenye maduka yake huamua iwapo gemu jipya linastahili kununuliwa kwa kuhesabu wapiganaji waliomo, kupima uzuri wa picha, na kuonja utamu wa kombo, neno linalomaanisha mfululizo wa mapigo ambao ukishaanza kumpata mpinzani hana la kufanya isipokuwa kusubiri uishe. Vigezo hivyo si vibaya. Kasoro yake ni kwamba vilitungwa na watu ambao hawajawahi kukaa katika Kata ya Lugarawa, Wilaya ya Ludewa, Mkoa wa Njombe, mbele ya kompyuta mpakato ya mtumba yenye feni inayounguruma kama mashine ya kusaga, huku wamevaa sweta mbili.

Mfano uliowasumbua wana-Lugarawa, au kwa usahihi zaidi uliomsumbua mmoja wao, ambaye ni mwandishi wa insha hii na ambaye kwa ajili ya kumsitiri ataitwa mnunuzi mtarajiwa, ni Fatal Fury: City of the Wolves, gemu lililotolewa na kampuni ya Kijapani ya SNK tarehe 24 Aprili 2025. Mtangulizi wake katika ukoo huo alitoka mwaka 1999, hivyo mashabiki walisubiri kwa miaka 26, muda ambao mtoto huzaliwa, akasoma, akaoa na akaanza kudaiwa michango. Lilikuja na wapiganaji 17, na mmoja wao ni Cristiano Ronaldo. Msomaji hajakosea kusoma: ni yule yule Mreno wa mpira wa miguu, aliyeingizwa katikati ya wataalamu wa karate na wababe wa mitaani, akipigana kwa mateke na kwa mpira. Sababu yake haihitaji mganga. Tangu mwaka 2022 karibu hisa zote za SNK zimo mikononi mwa kampuni tanzu ya Wakfu wa MiSK wa Mwanamfalme Mohammed bin Salman wa Saudi Arabia, na Ronaldo naye alisaini na klabu ya Al-Nassr ya Riyadh mwishoni mwa mwaka huo huo. Mwenye nyumba alikuwa na mgeni mashuhuri, akaona si haba amwingize pia kwenye gemu.

Kwa mtu anayevijua vibanda vya Makambako, ambako kila kibanda kina upande wa mpira na upande wa ngumi, na ambako pande hizo mbili hutazamana kwa dharau, gemu lenye Ronaldo anayerusha mateke lilionekana kuwa muungano wa kihistoria. Hapo ndipo kishawishi kilipoanzia.

Bei yake wakati wa kutoka ilikuwa dola 59.99, ambazo kwa kiwango cha mwezi ule zilikaribia shilingi 160,000. Namba hiyo ikiachwa peke yake haina uchungu. Uchungu huja inapotafsiriwa kwa lugha ya Ludewa. Katika mpango wa ruzuku wa msimu wa 2022/23, mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya kupandia ulipangiwa bei ya shilingi 70,000, na hicho ndicho kipimo kilichobaki kichwani mwa mnunuzi mtarajiwa kila alipokadiria thamani ya kitu chochote, kiatu, simu au mahari. Kwa kipimo hicho, Ronaldo na wenzake 16 walikuwa sawa na mifuko miwili ya mbolea na chenji ya kutosha nauli. Mifuko miwili ya mbolea hutoa mahindi. Wapiganaji 17 hawatoi hata ugoro.

Jambo la pili lilikuwa usafirishaji. Gemu la siku hizi halinunuliwi likiwa limefungwa kwenye karatasi. Hushushwa kupitia intaneti, yaani huvutwa kidogo kidogo kutoka kwenye mashine iliyo mbali hadi lijae kwenye kompyuta ya mnunuzi, na kila tone linalovutwa hukatwa kwenye bando. Street Fighter 6, lililotoka Juni 2023, huomba nafasi ya gigabaiti 60 kwenye kompyuta. Mnunuzi mtarajiwa alilichukua kama kiasi cha kukadiria, akapiga hesabu kwamba mtandao ukitulia kwenye kasi ya megabiti 4 kwa sekunde, bila kusota na bila mvua, mzigo wa namna hiyo utachukua saa 33 na dakika 20. Kisha akafanya hesabu nyingine ambayo anaihesabu kuwa ndiyo mchango wake pekee kwa sayansi. Diski ya kubebeka yenye gigabaiti 60, ikipakiwa basi la Makambako na kufika Lugarawa baada ya saa tano, pamoja na kusimama njiani ili abiria wanunue karanga na mmoja wao asahauliwe, huwa imesafiri kwa kasi ya megabiti 26 na ushei kwa sekunde, yaani zaidi ya mara sita ya kasi ya mtandao. Barabara ya Itoni hadi Manda inayotumiwa na basi hilo, ambayo kipande chake cha Lusitu hadi Mawengi kilimwagwa zege kwa sababu ya milima na ardhi inayoteleza, kwa hiyo ni njia ya mawasiliano ya kidijiti isiyopewa heshima yake, na kondakta ni fundi mitambo asiyejijua.

Basi, hata hivyo, haliwezi kumleta mpinzani, na hapa ndipo penye kiini cha jambo lote. Gemu la ngumi ni mchezo wa watu wawili. Mtu anayelicheza peke yake dhidi ya kompyuta anafanana na mtu anayecheza bao akihama kiti kila baada ya kete. Watengenezaji hujibu kwamba mpinzani atapatikana mtandaoni, popote duniani, usiku na mchana. Jibu hilo linahitaji kuchunguzwa kwa kutumia fremu. Fremu ni picha moja kati ya zile 60 zinazopita kwenye kioo kila sekunde, na ndiyo saa ya wapiganaji; katika Street Fighter 6 ngumi nyepesi ya wahusika wengi humgusa mpinzani kwenye fremu ya nne. Sasa, ikiwa mpinzani yuko Ulaya na ujumbe kutoka kwake hadi Lugarawa huchukua sehemu 150 kati ya elfu moja za sekunde, hizo ni fremu tisa kamili, maana yake ni kwamba mkazi wa Lugarawa hupata habari za ngumi ya kwanza wakati imeshatua na mwenye kuirusha anafikiria ya pili. Ni kama kupokea taarifa ya msiba siku ya arobaini.

Dawa ya ugonjwa huo ipo, na kwa sifa inastahili kuelezwa. Inaitwa kurudisha nyuma, mbinu iliyopata umaarufu kupitia programu ya GGPO iliyotolewa mwaka 2006 na Mmarekani Tony Cannon, na City of the Wolves nalo linaitumia. Kompyuta haisubiri ujumbe ufike. Hubashiri kile ambacho mpinzani anaelekea kukifanya, ikakionyesha, na ujumbe wa kweli ukifika tofauti, hurudi nyuma kimyakimya na kusahihisha. Ndiyo kazi ya katibu wa kikao cha kijiji anayeandika muhtasari kabla kikao hakijaanza, kwa sababu anawajua wajumbe wake, kisha hufuta mstari mmoja au miwili pale mzee fulani anapokubali jambo ambalo amelikataa maisha yake yote. Umbali ukiwa wa kawaida, hakuna anayegundua. Umbali ukiwa wa Lugarawa na mtandao ukawa unasota, marekebisho huwa mengi kuliko muhtasari, na mpiganaji aliyeonekana ameanguka huonekana ghafla amesimama, akiwa na mpira, nyuma ya mtu aliyedhani ameshinda.

Mke wa mnunuzi mtarajiwa, ambaye hakuwahi kusikia habari za fremu, alifika kwenye hitimisho hilo hilo kwa njia fupi zaidi. Alipoonyeshwa picha za gemu na kuelezwa faida zake kwa dakika 20, aliuliza: "Utacheza na nani, baba Eliza?"

Swali hilo lilisababisha utafiti wa majaribio. Mpwa wa mnunuzi, mwanafunzi wa darasa la sita na bingwa wa Shadow Fight 2 kwenye simu ya mama yake, aliitwa ili wapimane nguvu katika gemu kuukuu la SNK, The King of Fighters '98, ambalo hata kompyuta yenye pumu hulimudu. Pedi, yaani kile kishikio chenye vitufe, haikuwepo, kwa hiyo wawili hao waligawana kibodi moja, mjomba upande wa kushoto na mpwa upande wa kulia, viwiko vikigombana kabla ya wapiganaji. Mjomba alikuwa amejifunza kombo tatu kutoka kwenye video za mafunzo. Mpwa alikuwa na falsafa moja tu, ya kubonyeza vitufe vyote kwa pamoja na kutoinua kiganja. Ikumbukwe kwamba kibodi nyingi za bei nafuu haziwezi kusoma vitufe vingi vikibonyezwa kwa wakati mmoja. Vikizidi idadi fulani, vilivyobaki hunyamazishwa. Hivyo falsafa ya mpwa haikumpiga mjomba ndani ya gemu pekee, bali ilimziba mdomo kwenye waya, na mpiganaji wake akasimama kama nguzo huku akichapwa. Zikaisha raundi sita. Kisha mpwa, kwa adabu zote, akakumbusha sheria ya kibandani kwamba anayepigwa anaachia nafasi, akamwita mtoto wa jirani aliyekuwa amesimama mlangoni, na mwenye kompyuta akaenda kukaa kwenye ndoo kusubiri zamu yake.

Pamoja na ushahidi huo wote, Oktoba ilipofika gemu lilinunuliwa. Mwanadamu hana budi kuelezwa jinsi alivyo. Uamuzi uliegemea kanuni ya duka la mtandaoni la Steam, inayomruhusu mnunuzi kurudishiwa fedha yake akiomba ndani ya siku 14, mradi hajacheza kwa zaidi ya saa mbili. Mpango ulikuwa wa kitaalamu: faili zilinakiliwa kwenye diski kutoka kwa shemeji wa Makambako aliyekuwa amelinunua gemu lile lile, diski ikaja kwa basi, na saa mbili zingetosha kabisa kujua iwapo kompyuta ya mtumba inaliweza. Ikishindwa, fedha irudi, mbolea inunuliwe, na shauri liishe bila shahidi.

Kompyuta ilishindwa ndani ya dakika nne. Michezo mingi ya aina hii mashine ikilemewa haipotezi picha, bali hupunguza mwendo wa kila kitu, na mnunuzi, akiwa kwenye chumba cha mazoezi ambamo mpinzani husimama tu akisubiri kupigwa, alimwona Ronaldo akihema polepole, akiinua bega polepole, kama mtu aliye chini ya maji ya Ziwa Nyasa. Jawabu lilikuwa limepatikana. Alikuwa amenyoosha kidole ili afunge gemu aombe fedha yake, hodi ikapigwa, na aliyeingia alikuwa mjomba wake mkubwa, kaka wa marehemu mama, aliyekuja kwa miguu kuzungumzia mkopo mdogo wa mifuko miwili ya mbolea.

Mjomba aliketi kabla ya kukaribishwa mara ya pili, akatazama kioo, akasema, "Huyu si Ronaldo?" Alijibiwa kwamba ndiye. Akauliza mechi inaanza saa ngapi. Mnunuzi, ambaye hakuona namna ya kueleza kwamba hiyo si mechi bila kueleza ni nini, na hakuona namna ya kueleza ni nini bila kutaja bei mbele ya mtu aliyekuja kwa ajili ya mbolea, alisema kwamba itaanza karibuni. Kuzima mashine kungekuwa utovu wa adabu. Chai ikaletwa, viazi vikaletwa, habari za mashamba, za kaburi linalohitaji kujengewa na za binamu aliyeko Songea zikapita zote kwa mpangilio wake, na muda wote huo Ronaldo alihema polepole kwenye kona ya meza, na kihesabio cha duka kikahesabu.

Saa mbili na dakika 38 baadaye mjomba alisimama, akachukua fimbo yake na kofia, akamtazama mchezaji yule kwa mara ya mwisho na kutikisa kichwa kwa huruma ya kweli. "Mjomba," alimwambia mwenyeji wake, "kwa mwendo ule, heri angestaafu tu."