Sakinisha kwa Mkono, Utalala Kesho

Mwongozo huu ni wa mtu mmoja tu: yule mwenye tasnifu ya kuwasilisha Jumatatu, ambaye Ijumaa jioni ndipo anagundua kwamba LaTeX yake haina kifurushi anachokitaka. Wenye muda na akili timamu waruke hadi aya ya mwisho. Tuliobaki tuendelee.

Tuchukue siunitx, kifurushi cha Joseph Wright kinachopanga namba na vipimo vya kisayansi ili mita kwa sekunde zisikae kihuni kwenye ukurasa. Umeona kwenye mfano mmoja kwamba amri yake ni \qty. Umeiandika, na LaTeX imekujibu kwamba haiijui. Haikosei. Amri hiyo iliingia na toleo la tatu la kifurushi, mwaka 2021, na TeX Live iliyomo kwenye kompyuta yako uliinakili kutoka kwenye flashi ya rafiki, ya mwaka ambao wewe na yeye hamuukumbuki. Mtu wa kawaida angesakinisha TeX Live mpya. Lakini TeX Live nzima ni GB kadhaa, bando limebaki kidogo, na wewe una kiburi cha kutosha.

Kabla ya yote, epuka njia rahisi. TeX Live ina msimamizi wake wa vifurushi, tlmgr. Ukiandika tlmgr install na jina la kifurushi, au tlmgr update kama tayari unacho cha zamani, anakileta, anakiweka panapostahili na kukiandikisha, bila kukuuliza swali. Kwenye mfumo wa zamani atakataa: atasema TeX Live yako ni ya mwaka fulani na hazina ya mtandaoni ni ya mwaka mwingine, na hachanganyi miaka. Hapo ndipo safari yako inapata uhalali. Umekataliwa rasmi, sasa unaweza kufanya kwa mkono bila aibu.

Nenda CTAN, ghala la mtandaoni lenye vifurushi zaidi ya 6,000, upakue zipu. Ndani yake utatafuta faili lenye mkia wa .sty, maana ndilo LaTeX inalolitaka, na mara nyingi hutaliona. Utaona .dtx na .ins. Usisome faili la README, ingawa limewekwa juu kabisa na jina lake ni ombi. Likisomwa litakueleza kwamba .dtx ni msimbo na maelezo vilivyofungwa pamoja, na kwamba ukiendesha latex juu ya .ins, .sty itatoka yenyewe. Ni afadhali ubadilishe mkia wa .dtx kuwa .sty kwa mkono na kusubiri. Ukiwa Windows una starehe ya ziada: Windows huficha mikia ya mafaili, kwa hiyo unaweza kuwa na siunitx.sty.txt ukaitazama saa nzima ukiapa kwamba jina ni sahihi.

Sasa liweke faili. Wapi? Wavivu huliweka kwenye folda ileile ya tasnifu, na linafanya kazi papo hapo. Ndiyo maana hatutafanya hivyo. Wajasiri hutumia sudo na kulitumbukiza ndani ya texmf-dist, mti wa TeX Live wenyewe. Hiyo inapendeza hadi siku tlmgr atakaposasisha na kuifuta kazi yako bila kuaga. Mahali pake halisi ni mti wako wa nyumbani: ~/texmf kwa Linux, ~/Library/texmf kwa Mac. Lakini huruhusiwi kulitupa humo ovyo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mvungu huu una folda ndani ya folda: texmf, kisha tex, kisha latex, kisha siunitx. Ukisahau folda ya tex, LaTeX haitaliona, wala haitakwambia kwamba lipo hatua mbili kutoka inapotazama. Vifurushi vingine vina zipu ya pili yenye .tds katika jina, ambayo folda zake zimekwisha kupangwa na inataka kufunguliwa tu ndani ya texmf. Iache. Inaondoa ladha.

LaTeX isipoliona faili, inasimama na kuomba jina jingine. Hapa wengi hukata tamaa na kuandika chochote kinachowajia. Andika «acha», itatafuta acha.sty. Andika «msaada», itatafuta msaada.sty. Andika tusi, italitafuta nalo kwa uaminifu uleule, kisha ikujulishe kwamba halipo. Njia ya kutoka ni herufi X, na imeandikwa kwenye kioo mbele yako, mistari michache juu ya pale unapotukana.

Halafu kuna mktexlsr, amri inayojenga upya orodha ya mafaili ambayo TeX huisoma badala ya kupekua diski nzima. Inahitajika kwa miti mikubwa ya mfumo. Kwa mti wako wa nyumbani haihitajiki, maana huo hupekuliwa moja kwa moja. Iendeshe hata hivyo, mara mbili, ya pili kwa sudo. Kila aliyekutangulia ameiendesha, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Watu wa MiKTeX wana ibada yao: kuuandikisha mti kwenye konsoli, kisha kubonyeza pa kuburudisha orodha ya majina.

Tuseme umefaulu. Amri kpsewhich siunitx.sty inaonyesha njia ya faili lako, kifua kimepanda. Unachapa waraka, na siunitx inakwambia kwamba expl3 yako ni ya zamani mno. Hongera, sasa umefika kwenye kazi yenyewe. Hakuna kifurushi kinachosafiri peke yake. Siunitx inategemea expl3, nayo inakaa ndani ya l3kernel, kwa hiyo utarudi CTAN kuleta l3kernel. Bando linaisha. Unaazima la ndugu yako wa chumba cha pili. Unaiweka l3kernel kwenye texmf, na kama TeX Live yako ni ya 2020 au baadaye, LaTeX inagoma kabisa: inasema mafaili ya msingi hayalingani. Tangu 2020 expl3 hupakiwa mapema ndani ya formati, yaani ile LaTeX iliyokwisha kusagwa na kuhifadhiwa ili iwake haraka. Ya zamani imo ndani, mpya umeiweka nje, na mbili haziketi pamoja.

Dawa, utaambiwa, ni kujenga formati upya kwa fmtutil. Chagua fmtutil-user, maana ndiyo itakayokutesa muda mrefu zaidi. Itakutengenezea formati yako binafsi, na kuanzia hapo wewe hutumii tena za mfumo, hata mfumo ukisasishwa mara mia. Ukiongeza fonti kwa njia hiyohiyo, updmap-user inakupa hali hiyohiyo upande wa ramani za fonti. Na mafaili yaliyomo kwenye ~/texmf ni kifungua mimba wa nyumba ya kale: yakiwepo, hakuna mdogo anayeulizwa. Miaka miwili baadaye utasakinisha TeX Live mpya kabisa, na bado itapakia siunitx uliyoiweka usiku huu. Utailaumu TeX Live. Utaandika waraka mfupi wa kuonyesha hitilafu, utampelekea mtu, naye kwake utachapika bila tatizo.

Usijione mjinga lakini. Donald Knuth wa Stanford alianza kuitengeneza TeX mwaka 1977, baada ya kuchukizwa na sura ya prufu za chapa mpya ya kitabu chake mwenyewe, akidhani angeimaliza katika likizo yake ya utafiti ya 1978. Ilimchukua zaidi ya miaka kumi kuifunga. Tangu hapo haiongezwi kitu, hurekebishwa makosa tu, na kila awamu ya marekebisho inaongeza tarakimu moja kwenye namba ya toleo, ambayo sasa ni 3.141592653 na inaikaribia pai. Mashine yenyewe, kwa maneno mengine, imetulia kuliko kompyuta yoyote iliyomo nyumbani kwako. Vinavyohamahama ni vifurushi vilivyopangwa juu yake, na kila kimoja kinamtaka mwenzake awe wa rika lake. Ndiyo sababu TeX Live hutolewa mara moja kwa mwaka ikiwa seti nzima, na ndiyo sababu kuchomoa kimoja cha 2021 na kukichomeka katikati ya wenzake wa zamani huanza na faili moja na kuisha saa tisa usiku.

Sasa kwa wale walioruka, na kwa waliovumilia hadi hapa. Futa ulichokiweka ndani ya ~/texmf, na kama uliendesha fmtutil-user, futa pia formati zake, ambazo zimejificha kwenye folda ya .texlive yenye mwaka wako. Kisha fungua tasnifu, na kila palipo na \qty andika \SI. Ni amri ya toleo la zamani, mabano yake hujazwa vilevile, na hata toleo la tatu bado linaielewa. Ilikuwa kwenye flashi ya rafiki yako tangu Ijumaa.