Pweza wa Mikono Kumi na Mmoja

*Bwana Mshauri, nina mkahawa mdogo Mji Mkongwe, Unguja. Mwanangu alipiga picha pweza wetu wa kuchoma, akaitia katika programu ya akili mnemba ipate kung'ara. Iling'ara, ila jana mgeni mmoja aliyekaa akihesabu aliniuliza iwapi mikono mingine mitatu. Nifanyeje? – Mpishi Mwenye Fadhaa*

Ndugu Mpishi, pweza tuliyezoea kumla ana mikono minane, na huyo wa mikono kumi na mmoja, kama yupo baharini, basi hajapata kuletwa sokoni. Usimkaripie mno mwanao, wala usidhani kuwa programu ilikusudia uongo. Kwani chombo hicho hakimjui pweza kama umjuavyo wewe uliyemtwanga hata akalainika, bali kimefunzwa kwa picha za watu wengine zisizo na idadi, na kila pahala palipofifia katika picha yako hupajaza kwa kukisia kile ambacho aghalabu huwa hapo. Kivuli hukidhania mkono, na mchuzi uliopoa tangu adhuhuri huukirimu kwa mvuke.

Kupunguza ukijani unaotiwa na zile taa ndefu nyeupe za darini, au kuongeza nuru, kwangu mimi ni halali, maana hiyo ni aibu ya kamera. Bali kuongeza kamba wasionunuliwa ni jambo jingine kabisa. Na kabla ya yote hayo, zima taa, ipeleke sahani dirishani asubuhi, na uifute lenzi ya simu, ambayo, kwa kuwa ni simu ya mpishi, sina shaka ina alama ya kidole chenye samli.

Wala hila hizi hazikuzaliwa leo. Huko Marekani, mwaka 1970, serikali iliikabili kampuni ya Campbell kwa sababu katika matangazo yake bakuli la supu lilitiwa gololi za kioo chini, ili mboga zisizame, zionekane tele. Gololi, ndugu yangu! Angalau mikono yako mitatu haivunji meno.

*Mshauri, niliona katika simu picha ya biriani yenye paja zima la kuku, nikaagiza. Nililetewa wali na shingo. Nina haki gani? – Mwenye Njaa, Mombasa*

Kenya ina Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012, nayo inakataza kumwelezea mnunuzi bidhaa kwa uongo. Ihifadhi ile picha, upige na nyingine ya hiyo shingo, kisha udai fedha zako kwa upole kabla ya kwenda mbali. Lakini niruhusu nikulaumu kidogo. Umeniletea picha yenyewe, nami naona humo masala yamevurugwa na wali mfano wa pilau, na juu yake tawi la majani nisiyoyajua jina. Mtu aliyelelewa Mombasa, aliyezoea kuona wali peke yake na masala yake yakimiminwa juu, angaliona hayo asishuku?

*Mpishi wangu hununa katika kila picha tangu Rajabu, mwezi nilioanza kuuahirisha mshahara wake. Iko programu ya kumtabasamisha? – Tajiri, Tanga*

Iko. Lakini leo ni Mfunguo Mosi, Bwana Tajiri. Mlipe kwanza ya miezi mitatu, kisha umpige picha dirishani.