Shaba Ina Nafasi Yake

Hongera zake shaba ya Lualaba, kusini mwa Kongo (DRC). Ikitoka Kolwezi na kupita Dilolo kwenda bandari ya Lobito, ina behewa lake na wa kuisindikiza. Desemba 2024 hata rais wa Marekani, Joe Biden, alifunga safari hadi Angola kwa ajili ya reli hiyo. Mtoto wa darasa la kwanza hana makuu. Anaomba nusu kalio tu pembeni ya dawati.

Tangu Septemba 2019 shule ya msingi ya serikali ni bure, kama Katiba ya 2006 ilivyoahidi. Watoto wakaitikia wito, vyumba havikuitikia. Dawati la wawili likawa la wanne. Wa mwisho anaandika daftari likiwa pajani, na jirani akiinua kiwiko, herufi inakatika mkia. Na Kolwezi inazidi kupokea watu wanaofuata kobalti ambao, ajabu, huja na watoto.

Msidhani wakubwa wamelala. Sheria ya madini ya 2018 imetenga asilimia 10 ya mrabaha kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Vijavyo, jamani! Hawa wa sasa kosa lao ni kuwahi kufika.

Wala tusisingizie ujenzi. Kule Kasulo, mtaa wa Kolwezi, kobalti ilionekana chini ya nyumba za watu mwaka 2014, wakachimba hadi sebuleni. 2017 ukuta ukainuka chapchap kuzunguka machimbo. Matofali, basi, Kolwezi yapo. Mafundi nao wapo.