Gundi Zote ni Kali

Ingia duka lolote la vifaa Sumbawanga mjini, kuanzia yale ya stendi hadi ya sokoni, uulizie gundi. Hakuna atakayekuuliza unataka kubandika nini. Utaambiwa, "Ipo, kali." Ukionyesha kusitasita kidogo, muuzaji atainama chini ya kaunta na kuibuka na nyingine: "Basi chukua hii. Hii ni kali zaidi." Sijawahi kusikia gundi ikisifiwa kwa upole wake.

Utaratibu huo haumsumbui mtu mpaka siku familia itakapoletewa gari la kuunda. Mdogo wangu, anayefanya kazi Hamburg, alimtumia mpwa wetu wa darasa la sita Land Rover 109 la plastiki, la kujiunganishia mwenyewe, kipimo 1:24. Wazee wa magari wanajua kwamba 109 ni inchi kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, kama sentimita 277. Gawanya kwa 24, unabaki na sentimita 11 na nusu, kitu cha kukaa kiganjani. Ndani ya boksi mlikuwa na vipande vingi vimening'inia kwenye fremu zake, pamoja na karatasi ya maelekezo ya picha tupu. Kila penye kiungo pamechorwa kichupa kikidondosha tone. Kichupa chenyewe hakikuwemo. Gundi ya kazi hiyo hushika moto upesi na ndege hazipendi mizigo ya namna hiyo, kwa hiyo gari lilipanda, gundi ikabaki Ulaya.

Si mara ya kwanza kwa Ujerumani kutuletea chombo vipande vipande. Mwaka 1913 meli ya Graf von Götzen iliundwa Papenburg, ikafumuliwa, ikafungwa kwenye masanduku yapatayo 5,000, ikaja Dar es Salaam kisha Kigoma, na huko ikaunganishwa upya hadi ikashushwa ziwani Februari 1915. Wenyewe waliizamisha mwaka uliofuata, Waingereza wakaiopoa 1924, na tangu 1927 inaitwa Liemba, ile ile iliyotia nanga Kasanga miaka na miaka. Lakini wale walikuja na ribiti zao. Laiti wangekuja kununua gundi Sumbawanga, Wabelgiji, maadui zao ziwani, wasingekuwa na haja ya kuleta hata ndege moja vitani.

Kwenye gari letu, supagluu ndiyo iliyotangulia, maana inauzwa kila mahali, hadi kwenye vibanda vya vocha. Gundi hii haikauki kama rangi inavyokauka. Huganda inapokutana na unyevu. Julai hewa ya Ufipa ni kavu, mji upo juu zaidi ya mita 1,700, na upepo unaoshuka kutoka milima ya Mbizi hauna huruma. Tone likakaa kwenye plastiki limetulia, likitafakari. Kwenye vidole vya mpwa wangu, vilivyolowa jasho la hamu, halikutafakari hata kidogo. Bampa la mbele likahamia kwenye kidole gumba, na kijana akala ugali wa usiku ule akiwa amevaa bampa.

"Mjomba, si wamesema ni kali?"

"Ni kali, baba. Imeshika."

Kabla maji ya vuguvugu na sabuni hayajaletwa, yeye alishaamua kujifuta kwa pamba. Asiyejua kemia na ajue leo: supagluu ikilowa kwenye pamba huganda kwa kasi kubwa na kutoa joto, na ikiwa nyingi pamba hufuka moshi na hata kuunguza ngozi. Bibi yake alikuwa anapita na kikombe cha chai. Akaiona pamba inafuka moshi sakafuni, hakuna kiberiti wala mkaa karibu. Hakusema neno. Aliweka kikombe chini akatoka nje, na tukamsikia akimwita jirani. Sumbawanga ina sifa zake za uchawi huko nje, na marafiki zetu wa Dar wanazitunza vizuri kuliko sisi. Hatukuhitaji pamba ya kujiwakia sebuleni.

Nilimfariji kijana kwa habari za Harry Coover, mwanakemia wa Kodak, Marekani. Mwaka 1942 alikuwa anatafuta plastiki angavu ya kutengenezea vifaa vya kulengea shabaha vya bunduki, akakutana na kitu hiki hiki cha supagluu, akakitupilia mbali kwa sababu kilinata kila mahali. Mwaka 1951 mwenzake, Fred Joyner, alikiweka kati ya vioo viwili vya kifaa cha maabara cha bei mbaya, na vioo vikagoma kuachana. Hapo ndipo walipogundua kwamba kasoro ndiyo bidhaa, ikaingia sokoni 1958. Kwa hiyo kugandisha vitu vya watu ni mila ya gundi hiyo tangu utotoni. Kijana alisikiliza kwa adabu, kisha akanionyesha vioo vya gari. Mvuke wa supagluu ulikuwa umevitandazia weupe, na dereva wa Land Rover lile asingeona hata kwato za ng'ombe anaowasubiri wavuke.

Habari ikawafikia mafundi wa mtaani, na kila mmoja akaja na dini yake. Fundi viatu alileta ile ya njano. "Paka pande zote mbili, subiri isinate kidoleni, ndipo ubandike. Ukishabandika, usirekebishe." Ni maelekezo sahihi kabisa, na kwa soli hakuna bora zaidi, ila yanamtaka mtu anayeweza kusubiri. Mlango wa kushoto ukabandikwa mbichi, ukavuta nyuzi za njano, ukakaa upande kama kofia ya mlevi. Fundi pancha akapendekeza solusheni ya baiskeli. Hiyo ni ya mpira kwa mpira, na matairi ya gari lile yalikuwa yanajikaza yenyewe kwenye rimu, kwa hiyo tulimshukuru tukamrudishia tyubu yake. Mwenye duka akasisitiza ile ya mirija miwili ya kuchanganya sawa kwa sawa. Ingefaa, lakini kwa baridi ya Julai ingemtaka kijana ashike mlango huo mpaka shule zifunguliwe.

Fundi bomba ndiye aliyetukaribisha kwenye ukweli, kwa gharama yake. Gundi ya mabomba haibandiki tu. Huyeyusha ngozi ya plastiki mbili zikachanganyika, na dawa ikipaa zinabaki kitu kimoja. Hata ile iliyochorwa kwenye karatasi hufanya hivyo hivyo. Tatizo ni kwamba ya mabomba imepikwa kwa ajili ya PVC, yenye kuta nene, na gari letu ni polistirini, plastiki ngumu nyepesi ya mwili wa kalamu ya Bic. Tone moja likaangukia nguzo ya usukani. Nguzo ikalegea, ikapinda, ikaganda hivyo hivyo ikitazama mlango wa abiria.

Kumbe jibu lilikuwa kwa mpiga rangi wa magari, mtu anayeshinda na Land Rover za kweli. Alivunja kipande cha kalamu ya Bic, akachovya ncha kwenye tina yake, akakibana na kipande kingine akihesabu polepole. Vikashikana visivunjike pale pale. Hakusema kwamba tina yake ni kali. Aliuliza, "Plastiki yenyewe ni hii?" Swali hilo ndilo sikuwahi kulisikia kwenye kaunta yoyote. Akaonya kwamba ndoo na beseni haviitikii tina wala supagluu, na anayekuuzia gundi ya beseni anakuuzia matumaini.

Dada yangu akachangia kichupa cha rangi ya kucha kilichokwisha. Kilisafishwa, kikajazwa tina, na brashi yake ikawa chombo kamili. Unashikanisha vipande vikiwa vikavu, unagusa ufa kwa ncha ya brashi, na tina inakimbia yenyewe ndani ya ufa. Tulikata vipande vya fremu tukaviyeyusha humo kidogo, ikapata uzito wa kujaza mapengo. Raha yake haielezeki.

Raha hiyo ikakatizwa na bibi, aliyetuonea huruma kwa baridi na kuingia na jiko la mkaa limekolea. Mvuke wa tina na mkaa wa moto haviwezi kukaa chumba kimoja, na katika maisha yangu sijawahi kumwambia mama yangu "rudi!" kwa sauti ile. Tulihamia barazani, ambako hewa ilikuwa ya kutosha, hata kuzidi: upepo ulikausha tina kabla haijafika kwenye ufa, ukapeperusha kioo cha pembeni, na jogoo wa jirani akakimeza bila kuuliza ni cha upande gani. Vioo vya madirisha vilivyofutwa vikafutika tulivibandika kwa gundi nyeupe ya seremala, ambayo haina nguvu yoyote ya kujisifia lakini hukauka angavu na haiachi ukungu.

Jumapili akaja mzee mmoja, dereva mstaafu aliyeendesha 109 za serikali enzi za vumbi la barabara ya Tunduma. Akalipokea gari kwa mikono miwili. Akaupita usukani kimya, akaupita na mlango wa kushoto. Akaweka kucha chini ya boneti kutaka kufungua. Kijana akamweleza, "Shikamoo babu, halifunguki, tumelishika na tina, injini imebaki humo humo."

Mzee akaligeuza juu chini, akakagua chini ya injini muda mrefu, akapitisha kidole, akakitazama kidole.

"Marahaba. Basi hili ndilo Land Rover la kwanza nililoliona lisilovuja oili."