Sifa za Kibaraka Aliyenuna

Majemedari wana washairi wao, wafalme wana wapiga ngoma. Kibaraka hana mtu. Aliyechapwa humlaani, na aliyemkabidhi kiboko humsahau siku ya karamu. Basi leo nimejitolea kumsifu mimi. Simsifii kazi yake, ambayo kila mtu ameionja, bali kipaji chake kisichotajwa: visasi vyake vidogo vidogo dhidi ya wenzake wa kazini.

Kipaji hicho nilikiona Mbale, kwa mnunuzi mmoja wa kahawa niliyemshikia daftari kwa misimu miwili. Tajiri yule alikuwa na mtu wake wa mizani. Gunia likishaning'inia kwenye ndoano, goti la mtu huyu lilikuwa likisogea chini yake taratibu, kama goti la mtu aliyechoka kusimama, na kilo tatu za mkulima aliyeteremka Bududa toka alfajiri zikayeyuka hewani. Hilo alilifanya bila chuki. Chuki yake yote aliihifadhi kwa karani wa fedha, ambaye alikuwa na tabia ya kumwita kwa mbinja.

Jioni ya kuamkia siku ya malipo, mtu wa mizani alikuwa akibaki nyuma kufagia. Akikifikia kile kikopo bapa cha wino wa muhuri, hukifunua, akakiweka dirishani, akaendelea kufagia. Asubuhi jua la Mbale lilikuwa limekwisha kumaliza kazi. Karani anagonga muhuri mara ya kwanza, hakuna kitu. Anagonga mara ya tatu, meza inatikisika, risiti ni nyeupe. Mtu wa mizani wakati huo anautazama mlima Wanale kwa uso wa mtu aliye katikati ya sala.

Lakini huyu alikuwa mwanafunzi tu. Mwalimu wa fani hii ndiye aliyeuanzisha mji wenyewe: Semei Kakungulu.

Kwa wasiomjua: alizaliwa Kooki, akawa mwindaji wa tembo, akasoma dini kwa Waprotestanti, akapigana katika vita vya dini vya Buganda, kisha akawapigania Waingereza. Aprili 1899 alikuwamo katika jeshi lililowakamata Kabaka Mwanga wa Buganda na Omukama Kabalega wa Bunyoro kwa mpigo mmoja. Akavuka ziwa Kyoga na maelfu ya Waganda, akajenga ngome Teso na Bukedi, akapanda migomba kila alipopiga kambi, akawaweka watu wake kuwa machifu juu ya watu wasiowaomba. Kazi kubwa ya tajiri, na tajiri hakutoka jasho.

Ubaya ni kwamba kazini kulikuwa na wenzake. Wa kwanza ni Apolo Kagwa, Katikkiro, yaani waziri mkuu, wa Buganda, waliyekosana naye zamani kiasi kwamba Buganda ikawa nyembamba kwa wote wawili. Wa pili ni maofisa wa Kizungu, ambao kila alipokwisha kuisafisha nchi walikuja kumshukuru na kumwomba ahame. Aliamini kwamba Sir Harry Johnston, kamishna wa Waingereza, amemwahidi ukabaka wa Bukedi. Mwaka 1902 aliambiwa aikabidhi ngome yake ya Budaka, akapewa maili za mraba ishirini Mbale. Na mwaka huohuo wa 1902 Kagwa alikuwa London, mgeni katika kutawazwa kwa Mfalme Edward wa Saba. Hebu mfikirie mtu akipokea habari hizo mbili akiwa Mbale, katika vumbi la mji ambao hata haujaisha kujengwa.

Mwaka 1906 wakampeleka Jinja, awe Rais wa baraza la Busoga. Rais! Neno tamu, lakini kule Jinja lilimaanisha kuwafundisha machifu wa Kisoga kutawala kwa namna ya Kiganda, mbele ya macho ya ofisa wa Kizungu. Alivumilia hadi 1913, akarudi Mbale akiwa chifu wa saza. Ukabaka ulikuwa umeishia njiani.

Mtu wa kawaida hapo angeasi. Angekusanya bunduki, akapigwa, tukampa jina la barabara. Kakungulu alikuwa fundi zaidi ya hapo. Alijiunga na Wamalaki, dhehebu lililozuka mwaka 1914 hivi, ambalo liliikataa dawa ya hospitali kwa hoja za Biblia. Serikali ikija na sindano, chifu wake yenyewe anaifungulia Maandiko. Unamfunga kwa kosa gani? Kitabu ulimpa wewe.

Kisha ikaja 1919. Baada ya kulisoma Agano la Kale alisema tohara ni amri. Wamalaki wenzake wakamwonya kwamba anayetahiriwa ni Myahudi. Akajibu, kwa maana hiyo, basi mimi ni Myahudi; akatahiriwa yeye na wanawe. Zingatia mahali: Mbale, kwa Wagisu, ambako kijana husimama wima hadharani bila kupepesa jicho, na tohara hufanywa miaka ya shufwa. Mzee wa miaka hamsini hivi, Mganda, anatahiriwa mwaka wa witiri. Hata kalenda ya majirani hakuipa heshima. Waumini wake watasema alifanya hivyo kwa imani safi, nami sibishani. Imani na kununa vimewahi kulala kitanda kimoja mara nyingi. Ila tukubaliane kwamba aliitoka dini ya Kagwa na ya maofisa kwa mlango ambao hakuna hata mmoja wao angeweza kumfuata.

Na sasa nifikie sifa kuu ya kibaraka, ambayo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu: usafi wa mahesabu yake. Katika daftari la manung'uniko la Kakungulu yumo Kagwa, yumo Johnston, zimo maili ishirini. Wagisu walioporwa ng'ombe hawamo. Iteso waliochomewa nyumba hawamo. Watu hao hawakuwa wenzake wa kazini. Walikuwa kazi yenyewe. Mtu wa mizani vilevile: mbinja ilimkosesha usingizi, kilo tatu hazikuwahi kumgusa.

Kakungulu alikufa Novemba 1928. Wafuasi wake, Abayudaya, wako Nabugoye hadi leo, kilomita chache tu kutoka mjini. Rais Idi Amin aliipiga marufuku dini yao, wakasali kwa kujificha mpaka alipoanguka 1979. Mwaka 2016 rabi wao, Gershom Sizomu, alichaguliwa mbunge wa Bungokho Kaskazini. Wao hawakurithi ugomvi. Walirithi Sabato, wakaitunza vizuri kuliko mwanzilishi alivyotunza chochote. Himaya aliyoitumikia imefunga virago. Kile alichokifanya kwa kununa bado kinawasha mishumaa Ijumaa jioni.

Ile siku ya muhuri mkavu niliikumbuka tena juzi. Karani alituma mtu dukani, duka lilikuwa halijafunguliwa, malipo yakasimama. Nje foleni ilifika hadi barabarani. Mama mmoja, ambaye gunia lake lilikuwa limekwisha kukutana na goti, alisogea dirishani akauliza kwa adabu:

"Baba, wino umekauka tena?"

Mtu wa mizani akamsikitikia kwa dhati. "Mama," akamwambia, "hawa wa ofisini hawana huruma."