Namna ya Kulinganisha Udongo wa Butembo na wa Beni Bila Kuchafua Viatu

Hongera. Umetumwa Kivu Kaskazini kulinganisha udongo wa Butembo na udongo wa Beni, umepewa siku nane, gari lenye antena ndefu, posho ya safari, na jozi moja tu ya viatu vya heshima. Usihangaike. Wengi wamekutangulia katika kazi hii na karibu wote walirudi na viatu vinang'aa. Hekima yao nimeikusanya hapa, ingawa mimi mwenyewe, kwa uzembe wa ujana, nilichafuka.

Anza na ramani. Jembe liache kwanza, lina wenyewe. Ramani itakayokufaa ni ya INEAC, lile shirika la utafiti wa kilimo lililoundwa na Wabelgiji mwaka 1933, makao yake Yangambi kandokando ya mto Kongo. Mwaka 1960, mwaka uleule tuliopata uhuru, ilitoka ramani ya udongo ya Carl Sys, Kongo nzima pamoja na Rwanda na Burundi, kwa kipimo cha 1 kwa 5,000,000. Maana yake milimita moja ya karatasi ni kilomita tano za ardhi. Chukua rula. Kutoka Butembo hadi Beni kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 44, basi kwenye karatasi miji hii haijaachana hata sentimita moja. Weka ukucha wa kidole gumba: umefunika Butembo, umefunika Beni, umefunika Maboya na Kabasha na vilima vyote vya katikati, na yule mama aliyekuuzia ndizi dirishani mwa gari. FAO na UNESCO walipotoa ramani yao ya dunia, walitumia kipimo kilekile. Ukucha wako bado unatosha.

Baada ya kufunika, toa jina. Hapa ndipo taaluma inapoonja utamu wake, kwa sababu udongo mmoja una majina mengi kuliko tapeli. Chukua ule mwekundu wa mlimani, ulionyeshewa na kuchujwa maelfu kwa maelfu ya miaka hadi ukabaki chuma, alumini na kaolini. INEAC waliuita kaolisoli. Wafaransa wakauita udongo wa feralitiki. Wamarekani, katika utaratibu wao wa 1975, wakauita oksisoli. Na WRB, utaratibu wa kimataifa ambao toleo lake la nne lilitoka 2022 likiwa na makundi 32, wanauita ferralsoli. Ni bonge lilelile la udongo mkononi mwako. Kilichobadilika ni pasipoti tu.

Mimi jina la kaolisoli linanichekesha kuliko yote. Kaolini imechukua jina lake kwenye kilima cha Gaoling, huko Uchina, walikochimba udongo mweupe wa vyombo. Jina likasafiri hadi Ulaya, likapanda meli hadi Yangambi, likashuka Lubero na kukuta kinamama sokoni wanauza vibonge vyeupe vya kutafunwa na wajawazito. Wao walikuwa wamekwisha kuutenga, kuukausha, kuupanga kwa daraja na kuupangia bei. Hakuna aliyewaandika kwenye ramani. Mbele kidogo, kule Rutshuru na Goma kwenye majivu ya volkano, udongo unaitwa andosoli, neno la Kijapani lenye maana ya udongo mweusi. Kwa hiyo mkulima wa Rutshuru analima Kijapani bila kujua, na wa Butembo anakanyaga Kichina.

Utaulizwa umejuaje kama ni ferralsoli. Jibu kwa utulivu: nimeangalia rangi. Kuna kitabu cha Munsell, kimejaa vipande vidogo vya rangi kama vile vya duka la vitenge, kila ukurasa na vitundu vyake. Unalowesha bonge kidogo, unaliweka nyuma ya kitundu, unasoma: 2.5YR 3/6, yaani wekundu uliokoza. Fanya hivyo kwenye jua la wazi, bila miwani nyeusi, na usimshirikishe mwenzako, maana watu wawili hawajapata kukubaliana juu ya ukurasa. Ukikisahau kitabu hotelini, angalia suruali ya kijana wa pikipiki yeyote wa Butembo kuanzia magotini kwenda chini. Ni Munsell inayotembea.

Rangi ikikusaliti, kuna kipimo cha vidole. Lowesha udongo (maji yakiwa mbali, mate yanafaa, ila geuka pembeni), ukande, usukume kati ya kidole gumba na cha shahada utoke utepe. Utepe ukipita sentimita tano kabla ya kukatika, huo ni mfinyanzi hasa. Sasa jihadhari, kwa sababu udongo wetu mwekundu ni mjanja. Chuma kilichomo hugandisha chembe za mfinyanzi kuwa punje ngumu ndogondogo, ukiugusa juujuu utaapa kuwa ni mchanga. Lazima uukande kwa muda mrefu, mkono uume, ndipo ukiri. Wageni wengi hukanda mara mbili, wakaandika "kichanga", wakaenda kula. Nasi tukawa na mchanga kwenye jedwali na matofali kwenye nyumba.

Inabaki shughuli ya shimo. Ushauri wangu ni uikwepe. Shimo la udongo linatakiwa liwe na kina cha mita moja na nusu hivi, ukuta mmoja ukilielekea jua, ngazi upande wa pili, na watu wawili wenye sururu kwa siku nzima. Kabla ya hapo kuna ruhusa: ya mwenye shamba, ya nyumbakumi, ya mzee wa mtaa, na ya yule jamaa ambaye hakuna anayejua cheo chake lakini hakosekani. Na huku kwetu, ambako dhahabu hupita mikononi mwa watu kama karanga, mtu akichimba shimo refu halafu akasema anatafuta udongo, amejitangaza kuwa mwongo.

Nilikuwa mwanafunzi siku tulipochimba letu, kwenye kilima kimoja nje kidogo ya Butembo. Kufika adhuhuri kulikuwa na watazamaji thelathini na madhehebu matatu: wa dhahabu, wa kaburi, na wa antena ya simu. Mwenye shamba, mama mmoja wa makamo, alichuchumaa ukingoni.

"Agronomu, munatafuta nini umo ndani?"

"Bulongo, mama."

"Bulongo? Si iko huku juu yote?"

Watu walicheka, nami nilikuwa kifua kizima ndani ya shimo, sina pa kujificha. Lakini mama hakutania tu. Alinyoosha mkono akaanza kunionyesha shamba lake, ambalo halifiki robo hekta. Pale kwenye mikaratusi hakuoti kitu ila mikaratusi. Pale penye kichuguu cha zamani maharagwe yanakubali hata mvua ikichelewa. Nyuma ya jiko ni ndizi. Kule chini mtoni, kweusi, ni kwa matofali na viazi vya kiangazi. Na hapa mlipochagua nyinyi, akasema, ni kwa muhogo. Maharagwe yanachipua vizuri, halafu yananyauka, sijui kwa nini. Tano kwa hesabu yangu. Fomu yetu ilikuwa na nafasi ya mmoja.

Ili nisionekane nimemuuza mwalimu wangu, niseme na hili. Profesa alishuka shimoni, akakwangua ukuta kwa kisu, akamwonyesha mama mizizi ya maharagwe iliyosalia. Ilikuwa imeshuka kiganja kimoja, kisha ikapinda na kutambaa ubavuni kama iliyogonga mwamba, wala mwamba haukuwapo. Chini ya kiganja kile udongo ulikuwa mchachu mno, na penye uchachu wa namna hiyo alumini hulegea ikawa sumu kwa mizizi. Mama alitazama kwa muda. "Kumbe," akasema. Miaka yote alikuwa akilaumu mbegu.

Wewe, hata hivyo, huna siku nzima ya shimo. Tumia keekee ya udongo, toboa, jaza mfuko, andika lebo. Kuhusu lebo nina ushuhuda. Sampuli zetu za miji yote miwili ziliwekwa alama kwa kalamu ya wino, BU kwa Butembo na BE kwa Beni, zikapakiwa nyuma ya gari lisilo na turubai, mvua ikatukuta njiani. Zilipofika kwenye maabara fulani, ambayo siitaji, herufi ya kwanza ilisomeka vizuri kabisa. B. Hakuna aliyepiga simu kuuliza. Ripoti ilirudi na majedwali mazuri, na sentensi moja ninayoikumbuka hadi leo: kati ya miji hii miwili haikuonekana tofauti ya maana kitakwimu.

Na tofauti ipo, hata kipofu anaikanyaga. Butembo iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kuna baridi, majani huoza polepole, na tabaka la juu huwa jeusi kwa mboji kabla hujaufikia wekundu. Ndiyo nchi ya viazi, kabichi, kahawa ya arabika na miti ya kwinini. Ukiteremka Beni, karibu mita 1,100, joto na msitu, mboji huliwa upesi na unakutana na kakao, michikichi na kahawa ya robusta. Beni utakuta pia kwamba sampuli zote zimechukuliwa kandokando ya barabara kuu. Hapo sina mzaha. Tangu Oktoba 2014 watu wanachinjwa mashambani kule, wenye kakao wenyewe wameiacha ikiivia mtini, na hakuna takwimu inayostahili kumpeleka mwanafunzi porini. Ila basi ramani iseme hivyo: hii ni kando ya barabara ya Beni. Haisemi.

Ukishapata namba, tafuta wastani. Wastani ni dawa ya kila tatizo. Chukua uchachu wa kileleni, chukua wa bondeni kwenye tope jeusi, jumlisha, gawa kwa mbili: umepata udongo usiopatikana popote Kivu Kaskazini, tena umeupata kwa desimali mbili. Asikutishe mtu kwamba pH haijumlishwi hivyo, kwamba 4 ina uchachu mara kumi ya 5. Wala asikutajie Geoffrey Milne, mtaalamu aliyekuwa Amani, kule Tanganyika, ambaye mwaka 1935 aliupa jina la katena, mnyororo kwa Kilatini, ule utaratibu wa udongo kubadilika hatua kwa hatua kutoka kilele hadi bonde, kisha kujirudia kilima kinachofuata. Ukimsikiliza Milne utaishia kulinganisha juu na chini ya kilima kimoja kabla ya kulinganisha mji na mji, na siku nane hazitakutosha hata kwa Butembo yenyewe.

Na kama hata keekee ni mzigo, kaa hotelini. Wataalamu wa ISRIC, Uholanzi, wameigawa dunia katika vyumba vya mita 250 kwa 250, na kila chumba kimejazwa makisio yaliyotokana na mashimo ya zamani, picha za setilaiti, mvua na mwinuko. Wao ni waungwana, kila kisio wameliwekea kiwango cha mashaka yake. Wewe usiifungue safu hiyo, inaharibu rangi za ramani. Chumba kimoja ni hekta 6.25, kinameza shamba la mama yule zaidi ya mara ishirini na tano, na kichuguu chake, na jiko.

Nilirudi pale baada ya miaka mitatu, na kifaa cha GPS mkononi, nikifuata namba za shimo letu. Tulipoondoka mama alikuwa ametukataza kulifukia. Alilijaza maganda, majivu, mavi ya mbuzi na takataka zote za nyumbani, kisha akapanda mgomba. Nilitoboa kando ya shina: mweusi, laini, sentimita sitini bila kubadilika. Kwenye orodha zetu nukta hiyo bado ni ferralsoli. Nikamwuliza kama naweza kuchukua sampuli. Akaniambia nichukue, ila nimnunulie kwanza mkungu.

Nikaununua. Lebo, safari hii, nimeandika kwa penseli.