Namna ya Kuutoa Utafiti Kabatini: Mwongozo kwa Watafiti, Madiwani na Wazazi wa Njombe

Simama Makambako asubuhi, pale barabara ya Songea inapokutana na barabara kuu ya Dar es Salaam–Tunduma. Hesabu malori: viazi, mahindi, mbao, parachichi. Mkoa wa Njombe unalisha miji ya watu. Lakini Utafiti wa Demografia na Afya wa 2022 ulikuta asilimia 50.4 ya watoto wa mkoa huu walio chini ya miaka mitano wamedumaa, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 30. Utafiti kama huo wa 2015/16 ulikuta asilimia 49. Mtoto aliyepimwa mara ya kwanza ameshaanza shule, na mdogo wake amezaliwa akakuta hali ileile. Ripoti zote mbili zimechapishwa vizuri, na kabati limeshiba kuliko watoto.

Mahitaji: ripoti moja, koti zito moja, viatu vya matope, masikio mawili, na diwani mmoja asiyeogopa namba.

Hatua ya 1: Fika. Udumavu wa kijijini haujadiliwi kwenye ukumbi wa hoteli, sambusa zikipita. Panda mpaka kijijini, salimia "Kamwene", keti unapoonyeshwa. Usiende saa nne asubuhi na dodoso la kurasa arobaini. Saa hiyo mama yuko shambani, na atakayekujibu ni dada wa miaka minane aliyeachiwa mtoto. Ukimkuta huyo dada, usigeuze gari. Huyo ndiye jibu lako la kwanza.

Hatua ya 2: Uliza kwa nini. Ghala la Njombe si tupu, kwa hiyo anayependekeza kugawa mahindi hajasikia. Uliza mtoto anakula nini mama akiwa kwenye palizi. Uliza uji wake una nini zaidi ya unga na maji. Uliza maziwa yaliyokamuliwa alfajiri yamekwenda wapi, na fedha ya viazi imeshikwa na nani. Siku 1,000 za kwanza, tangu mimba hadi mtoto afikishe miaka miwili, ndizo zinazoamua kimo na akili yake. Sera inayozifaa siku hizo ni ile inayompunguzia mama mzigo: maji karibu, mahali salama pa kumwacha mtoto, na baba anayejua kwamba lishe ni kazi yake pia.

Hatua ya 3: Rudisha majibu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mtafiti asije akachukua majibu na kutoweka nayo. Upo mkutano mkuu wa kijiji, ambao kila mwanakijiji mwenye miaka 18 au zaidi ana haki ya kuhudhuria. Simama pale. Usiseme "asilimia 50.4." Waite watoto wawili mbele na useme: katika kila wawili kama hawa, mmoja amedumaa. Kisha kaa kimya, usikilize.

Hatua ya 4: Tafuta mstari kwenye bajeti. Tangu mikataba ya lishe ya 2017, halmashauri zimetakiwa kutenga angalau shilingi 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano. Halmashauri yenye watoto 20,000 inadaiwa milioni 20. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Pendekezo linalofika baada ya hapo ni barua ya rambirambi. Lipitishe kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata mapema, kisha Baraza la Madiwani. Na kutenga si kutoa: fuatilia mpaka fedha itoke.

Hatua ya 5: Ipokee namba mbaya. Mwaka 2018 Bunge lilibadili Sheria ya Takwimu ikawa kosa kutangaza takwimu zinazokanusha za serikali. Mwaka 2019 sheria hiyo ikarekebishwa tena. Tujifunze. Namba haitukani mtu. Kwa mfano, utafiti wa kitaifa wa VVU wa 2022/23 uliikuta Njombe na maambukizi ya asilimia 12.7 kwa watu wazima, juu kuliko mikoa yote. Msomaji wa haraka ataona aibu. Msomaji makini atakumbuka kwamba dawa zimewaweka watu hai, nao wanahesabiwa. Atauliza wangapi wameambukizwa karibuni na wangapi wanatumia dawa. Diwani anayezificha namba hizi anawaficha wapiga kura wake.

Hatua ya 6: Rudi upime. Ng'ombe hanenepi siku ya mnada. Kupima hakumshibishi mtoto, lakini bila kupima hatutajua kama uji umebadilika. Rudi kijiji kilekile, kaya zilezile, uwaambie ulichokuta.

Hatua zote sita zina mwenyewe, na mwenyewe ni wewe. Usimsubiri mtafiti wala mkuu wa mkoa. Kwenye mkutano ujao wa kijiji chako inuka, salimia, uulize swali moja: ile elfu moja ya mwanangu imenunua nini? Usiketi mpaka ujibiwe.